Upande wa Pili wa Lori

Ilitangazwa, kwa sauti ya upole na mbele ya bendera mbili zilizopigwa pasi, kwamba uhusiano kati ya nchi yetu na nchi jirani ni wa kindugu na haujawahi kuwa mwingine. Kwamba hakuna raia wa nchi yoyote aliyekamatwa kwa sababu ya uraia wake, ila kulikuwa na taratibu za kawaida za kukagua hati. Na kwamba wote waliohusika, wa huku na wa kule, wamerudishwa kwao salama na kukabidhiwa mikononi mwa jamaa zao. Nchi jirani yenyewe haikutajwa jina, kama mtu asivyotaja jina la mkwewe. Msemaji aliwashukuru wanahabari kwa subira yao, na redio ikaenda kwenye bei ya mahindi.

Zakaria Abdirahman alilisikia tangazo hilo akiwa amekaa juu ya turubai lililokunjwa, katika yadi ya malori iliyo pembezoni mwa mtaa wa Pioneer, Eldoret, kikombe cha chai mkononi. Kabura, mama anayeuza chai langoni na ndiye mwenye redio, alisubiri aseme kitu. Alipoona kimya kinazidi akapunguza sauti ya redio, kama inavyopunguzwa mtu akiwa na msiba. Kabura hakuwa mtu wa kupunguza redio ovyo. Ila alijua jinsi turubai linavyofungwa, na asiyejua jambo hilo hawezi kujua Zakaria alikuwa amepoteza nini.

Turubai la lori hufungwa na watu wawili. Mzigo ukishapangwa, uwe magunia ya mahindi au mbao au unga, turubai hutandazwa juu yake, kisha mmoja husimama kulia na mwingine kushoto, mzigo ukiwa katikati yao kama ukuta wa nyumba. Wa kulia hurusha kamba juu. Wa kushoto huidaka, huipitisha kwenye kulabu iliyo chini ya bodi, huivuta mpaka ilie, kisha huirudisha kwa mwenzake. Huenda hivyo kutoka kichwa cha lori hadi mkia, na kazi nzima hamwonani. Unachokijua kuhusu mwenzako ni kile kinachokufikia kupitia kamba: leo ana nguvu, leo amenuna, leo hakulala vizuri. Zakaria alisimama upande wa kulia karibu miaka ishirini. Kushoto alisimama Nanyama.

Nanyama alikuwa mtu wa mashoto. Fundo lake lililala upande ambao fundo halitarajiwi kulala, na dereva aliyejaribu kulifungua kwa mazoea alijikuta amelikaza zaidi. Mara ya kwanza madereva walilaani, mara ya pili wakanung'unika, baadaye wakazoea. Mwishowe ikawa ni alama. Lori lenye fundo la kawaida kulia na la kimashoto kushoto, popote lilipoegeshwa kwenye barabara ile kuu, watu walijua limefungwa Pioneer na wazee wale wawili. Kuna makampuni yenye nembo za rangi nne ambazo hazijulikani kiasi hicho.

Mazungumzo yao yalipita juu ya mzigo. Kabla ya kukaza kamba ya mwisho Zakaria huita, "Uko?" na upande wa pili hujibu, "Niko." Ukiyajumlisha, hayo yalikuwa maongezi marefu zaidi ambayo Zakaria aliwahi kuwa nayo na binadamu, mkewe akiwemo. Mkewe, Saida, alikwenda Garissa kumsaidia binti yao Najma aliyekuwa amejifungua, na mtoto yule sasa yuko darasa la nne. Hawakuachana. Ila hakurudi. Nanyama alikuwa na mke zamani, akafariki, na baada ya hapo alikuwa na kwaya ya kanisa. Kila mmoja alikuwa na chumba chake Pioneer, na njia ya kurudi nyumbani jioni ilikuwa moja hadi kwenye kona ya fundi viatu. Hapo waliachana bila kuagana, kwa kuwa kesho ilikuwa inajulikana.

Utani ulikuwepo pia, ila nao ulirushwa juu kama kamba. "Waria, vuta kama mtu aliyekula," Nanyama angesema, na neno hilo wanaloitwa Wasomali, ambalo mtu mwingine akimwitia Zakaria mtaani angegeuka na uso mwingine, kutoka upande ule wa lori lilikuwa kama jina la nyumbani. Naye angejibu kwamba angekula nini wakati chapati zote za Kabura zimeshaingia tumbo moja la mashoto. Mwezi wa Ramadhani Nanyama alikunywa chai yake akiwa amejificha nyuma ya gurudumu la mwisho, ili asimtamanishe mwenzake. Harufu ya tangawizi ilizunguka lori lote. Zakaria hakuwahi kumwambia.

Nanyama alitoka upande wa pili wa mlima, ng'ambo ya mpaka. Jina lake liko pande zote mbili, lugha yake iko pande zote mbili, na kuku wa shangazi zake walikuwa wakivuka mpaka kwenda kudonoa na kurudi jioni bila kuulizwa. Alivuka akiwa kijana, akimfuata mjomba aliyekuwa akikata miwa. Mjomba akafa, yeye akabaki. Alipojaribu kutafuta karatasi, mara mtu wa kumwona alikuwa mkutanoni, mara mashine ilikuwa imeharibika, na mara ya mwisho aliambiwa arudi na mzazi wake, wakati huo yeye mwenyewe akiwa na mvi. Akaacha. Hakuna aliyemsumbua. Ukimtazama na kumsikiliza hungemdhania mgeni hata kidogo.

Zakaria, kwa upande wake, alizaliwa Eldoret, chumba cha nyuma cha bucha ya baba yake, na haukupita mwaka bila kudhaniwa mgeni.

Kwa hiyo kitambulisho chake kilikaa mfuko wa shati, kimefungwa kwenye nailoni, mahali ambapo mkono unafika bila kutafuta. Tangu ujana alikuwa amejifunza kwamba kati ya mtu kusema "leta" na kitambulisho kutokea kuna nafasi ndogo ambayo ndani yake mambo huharibika, na alikuwa ameipunguza nafasi hiyo hadi ikakaribia kwisha. Mkono wake ulikwenda wenyewe. Siku moja katika hoteli ya stendi alimtolea kitambulisho mhudumu aliyevaa koti la kaki, aliyekuwa amekuja kumuuliza kama aongezwe mboga. Mhudumu alikisoma, akakirudisha kwa heshima, akaleta mboga. Nanyama aliisimulia hadithi hiyo kwa kila dereva aliyepita, kila mara akimwongezea mhudumu cheo.

Yadini kulikuwa na sheria moja, na hakuna aliyeitunga. Kamba haiachwi ghafla. Ukitaka kuiachia unaivuta kwanza mara mbili, mwenzako ajue. Ikilegea bila ishara, basi mwenzako ameumia: ameangukiwa na gunia, kulabu imemchana mkono, ameteleza chini ya gari. Hapo hakuna kuita "Uko?" Unaacha kila kitu na kuzunguka mbio. Katika miaka yote ile ilitokea mara mbili. Mara ya kwanza Zakaria alizunguka akamkuta Nanyama amelaliwa na gunia la mahindi, akitukana kwa lugha ya mama yake. Mara ya pili ndiyo hii.

Mambo yalianza mbali na Pioneer. Nchi jirani iliwakamata Wakenya kadhaa waliokuwa wakifanya kazi kule, ikasema hati zao hazikuwa sawa. Serikali yetu ikaeleza masikitiko. Jirani akaeleza kushangazwa na masikitiko hayo. Balozi mmoja akaitwa ofisini kutoa maelezo, na mwingine akaitwa nyumbani kwa mashauriano, jambo ambalo kwa mabalozi ndiyo njia ya kununa. Magazetini watu wenye digrii walieleza mikataba ambayo nchi hizi mbili zimetia sahihi, na ilikuwa mingi. Kisha, kwa bahati tu, ilisisitizwa, operesheni ya kawaida ya kukagua vitambulisho ikafika Eldoret, ambako mara ya mwisho ilifika watu hawakumbuki lini.

Katika yadi walifika maafisa watatu, asubuhi yenye baridi, ukungu bado umelala kwenye nyasi. Barabarani wanariadha walikuwa wakipita kwa makundi, watu ambao pasipoti zao zina mihuri ya nusu ya dunia na hakuna anayewasimamisha. Kimutai, msimamizi wa yadi, aliwapokea maafisa vizuri, akawaambia ofisini kuna chai ya maziwa na ndani kuna jiko. Walikuwa tayari wameanza kugeuka. Lakini katika kugeuka walimwona Zakaria.

Alikuwa upande wake wa kulia, lori la mbao, kamba imeshikwa kwa mikono yote miwili. Upande wa pili Nanyama alikuwa akivuta kwa uzito wake wote, hata turubai likalia.

"Mzee," afisa alisema, "kitambulisho."

Mkono wa kulia wa Zakaria ulijua kazi moja tu unaposikia neno hilo, na uliifanya. Kamba ilipita kiganjani, ikapanda juu ya mbao, ikapotea. Kitambulisho kilikuwa hewani kabla afisa hajanyoosha vidole. Upande wa pili kikasikika kishindo cha mtu aliyeanguka kwa makalio, na mara tu baada yake miguu inakimbia. Nanyama alizunguka kichwa cha lori bila kofia na bila koti, na uso wa mtu anayekwenda kuona damu. Hakuwaona maafisa. Alimshika Zakaria mabega, akamgeuza, akamfunua viganja.

"Zaka, umeumia wapi?"

Maafisa walimtazama kwa mshangao, na baada ya mshangao kwa shukrani. Walikuwa hawana mpango wa kuzunguka upande ule. Chai ilikuwa inapoa.

"Na wewe, mzee?" akasema yule afisa. "Cha kwako?"

Kitambulisho cha Zakaria kilikaguliwa mbele na nyuma, kikainuliwa kuelekea mwanga, kikakwaruzwa kwa kucha, na kikarudishwa. Nanyama alichukuliwa vile alivyosimama. Alipopandishwa gari aligeuka, akamwonyesha Zakaria kwa kidevu ile kamba iliyokuwa ikining'inia, kwamba asiiache hivyo, mvua itaingia.

Mchana Zakaria alikwenda kituoni na chapati na chai kwenye thamosi. Koti la Nanyama alilisahau kwenye msumari pale yadini, akajisemea atalileta kesho. Afisa wa kaunta alikuwa kijana mpole. Alimuuliza yeye ni nani wa mshukiwa. Zakaria alisema wanafunga turubai pamoja. Kijana akasema hapana, alichotaka kujua ni kama ni ndugu, au shemeji, au jirani, kitu kinachoandikika. Zakaria alifikiri.

"Yeye anasimama kushoto," akasema.

Kijana hakuandika kitu. Akaomba kitambulisho, akakiona mara moja, akakiona tena, akamwomba mzee aketi kidogo kwenye benchi wakati kinathibitishwa. Kidogo hicho kilimaliza mchana. Ndivyo wazee wawili wa yadi moja walivyoshinda katika nyumba moja, mmoja nyuma ya nondo na mwingine kwenye benchi, wote wakisubiri kuambiwa ni watu wa wapi. Jibu la Zakaria lilirudi kwanza: alikuwa wa Eldoret. Aliruhusiwa kwenda dirishani na chapati zake.

Nanyama alizipokea, akaweka kando bila kuzigusa, jambo ambalo Zakaria hakuwahi kuliona.

"Nilidhani umeanguka," alisema.

"Nilikuwa natoa kitambulisho."

Nanyama aliitikia kwa kichwa. Aliyapindapinda maneno hayo kama mtu anayetafuta ncha ya kamba.

"Walikikubali?"

"Walikikubali."

"Basi ni sawa," alisema Nanyama. Kisha akaongeza: "Wanasema wananirudisha kwetu. Nimewauliza kwetu wapi, wameniambia nisiwe mjuaji. Mama alishakufa, Zaka. Shamba ndugu yangu aliuza akaenda zake, na hakusema wapi. Sasa nikishushwa pale mpakani nigeuke kulia ama kushoto?"

"Kushoto," Zakaria alisema. Ilimtoka kabla hajafikiri.

Nanyama alicheka, kicheko kifupi cha puani, kisha akaambiwa muda umekwisha.

Zakaria alitoka pale akijua kinachotakiwa. Kimutai alikuwa amemweleza kwamba mtu anayejulikana akisimama na kusema huyu ni wetu, amekaa nasi miaka yote hii, huenda jambo likaishia hapo kituoni kabla halijapanda juu kwa wakubwa. Jioni hiyo hiyo alikwenda kwa chifu. Chifu alikuwa mtu mzuri. Alimjua Nanyama, aliwahi kuhamishiwa vitu vyake na lori lililofungwa na mikono yao, na hata kikombe hakikuvunjika. Alimsikiliza mpaka mwisho. Alipoulizwa kama Zakaria anaweza kuwa shahidi, alishusha pumzi, akatazama nje ambako mbuzi wake walikuwa wakiingizwa.

"Mzee Zakaria," alisema, "wewe nikikuandika shahidi, wataanza na wewe."

Alikuwa anasema kweli, na hakuna kati yao aliyehitaji kumweleza mwenzake. Chifu aliahidi kwenda yeye mwenyewe kesho, baada ya baraza. Na alikwenda, ni haki kulisema hilo. Lakini kesho yake, Zakaria alipofika kituoni na koti mkononi, walikuwa wameshapakiwa mapema, Nanyama na wengine, wakapelekwa mpakani kwa lori la serikali. Kijana wa kaunta alimpa pole. Zakaria aliuliza kama lori lilikuwa na turubai, maana kulikuwa na baridi. Lilikuwa nalo, kijana alisema, ila lilikuwa limefungwa vibaya, linapigapiga.

Koti lilirudi kwenye msumari wake. Mfukoni mlikuwa na simu ya Nanyama, na ilipozimika Zakaria alinunua chaja inayoingia, akawa anaichaji kwenye soketi ya Kabura pamoja na yake. Alifikiri mtu wa kule akijua yaliyotokea atapiga. Zilikuja jumbe za watu wa kubahatisha mipira. Mtu alipiga mara moja tu. Ilikuwa sauti ya mwanamke, Naomi, kiongozi wa kwaya, akitaka kujua kwa nini Jumapili mbili sasa hakuna wa kuimba sauti ya chini.

"Amesafiri," Zakaria alisema.

"Atarudi lini?"

"Wanasema wanazungumza."

"Na nani mwenzangu anaongea?"

Lilikuwa swali lile lile la kaunta. Alisema yuko naye kazini. Naomi alimshukuru, akamwambia amwambie Nanyama kwamba wanaimba bila yeye lakini wimbo hauna sakafu. Baada ya hapo simu haikulia tena.

Kazi haikusimama. Ilibidi Zakaria afunge peke yake, jambo ambalo linawezekana, kama vile inavyowezekana kucheza bao peke yako. Alirusha kamba juu, akazunguka kichwa cha lori, akaitafuta ilipoangukia, akaipitisha kwenye kulabu, akaivuta, akaifunga, akairusha, akazunguka tena. Lori moja lilichukua muda wa malori matatu. Na kwa kuwa mikono ilikuwa ni ile ile, malori ya majuma hayo yalitoka Pioneer yakiwa na fundo la namna moja pande zote mbili. Dereva mzoefu hakuhitaji kuelezwa. Kipchumba, ambaye alikuwa akienda na kurudi ng'ambo kwa miaka, aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akamuuliza Kimutai kwa sauti ndogo yule mwingine alikufa lini.

Ilipofika kamba ya mwisho, Zakaria alikuwa bado akiita "Uko?" Aliita kwa siku kadhaa kabla ya kujisikia. Kabura alimsikia tangu siku ya kwanza, na kila mara alijitia kuosha vikombe.

Kisha Kimutai akamleta Irungu, mtu wa makamo, mwenye nguvu, asiye na shida na mtu. Irungu alikuwa na vidude vya kusikilizia masikioni na aliongea na mkewe kwa simu tangu asubuhi, kwa hiyo upande wa pili wa lori haukuwa kimya tena. Ulikuwa na ugomvi wa shamba la kule Nyahururu, na mara nyingine vicheko. Alifunga vizuri. Siku ya kwanza Zakaria alipoita, Irungu alitoa kidude kimoja sikioni, akazunguka mpaka upande wa kulia, akauliza, "Umesema nini, mzee?" Zakaria akasema hakusema kitu. Tangu hapo hakuita.

Aliwatuma madereva wote waliovuka wamwulizie. Walikubali, na wengine pengine walikusudia kweli. Lakini mpaka ulikuwa unafungwa na kufunguliwa kulingana na hasira za siku hiyo, na dereva aliyekaa kwenye foleni mpaka ndevu zikaota hakumbuki ametumwa nini. Tena wangeuliza wapi? Kumtafuta mtu anayeitwa Nanyama upande ule wa mlima ni kama kumtafuta Kiprop huku kwetu kwa jina moja.

Wakubwa walikutana, wakanywa chai, wakapigwa picha wakiwa wameshikana mikono kwa namna ambayo kila mmoja alionekana ndiye aliyeshika. Wakenya waliokuwa wamezuiliwa kule waliachiwa. Ndipo likaja lile tangazo, siku ile Zakaria alipokuwa amekaa juu ya turubai na kikombe chake.

"Baba Najma," Kabura alisema hatimaye, redio ikinong'ona bei ya mahindi, "si wamesema wamekabidhiwa kwa watu wao? Pengine alimpata yule ndugu yake. Serikali ikitaka kumpata mtu humpata."

"Pengine," Zakaria alisema.

"Pengine sasa hivi amekaa mahali, anapikiwa."

"Pengine."

Alilitaka liwe kweli, na hili lazima lisemwe, kwa sababu kwa upande wake halikuwa na faida yoyote. Kama Nanyama alikuwa amepata watu, basi hatarudi, na koti lile la msumarini ni kitambaa tu. Lakini mtu aliyepata watu amepata. Zakaria alilitazama koti, akaanza hata kufikiri kumpigia yule Naomi wa kwaya amweleze kwamba amefika kwao, yuko salama, redio imesema. Alikuwa ameshaanza kutafuta simu mfukoni.

Honi ikalia langoni. Lori la Kipchumba lilikuwa linaingia, mbao kutoka ng'ambo, limechafuka matope mpaka kwenye vioo. Matangazo huja nyuma ya malori. Mpaka ulikuwa umetulia siku kadhaa kabla ya msemaji kukunjua karatasi yake. Kipchumba alishuka, akajinyoosha mgongo, akaja moja kwa moja kwa Kabura, akaagiza chai na kuanza kulalamika kabla haijamiminwa. Alilalamikia barabara. Alilalamikia foleni ya mizani. Zaidi ya yote alilalamikia yadi mpya aliyopakilia, kule mpakani upande wao, ambako walimchelewesha mpaka karibu alale hapo. Wapakiaji walimaliza mapema, alisema, lakini kufunga turubai kulimaliza siku. Yeye mwenyewe alikuwa amelala ndani ya gari, hakuona ni nani; alisikia tu hatua, nyayo za mtu zinazunguka lori na kuzunguka tena, kama mtu aliyedondosha ufunguo.

Zakaria aliweka kikombe chini. Alisimama, akavuta kofia, akaenda upande wake wa kulia. Irungu alipitia kushoto, akimweleza mkewe kwamba hapana, ng'ombe huyo asiuzwe.

Fundo lilikuwa usawa wa kifua. Zakaria alilishika bila kulitazama, kama alivyoshika mafundo yote ya upande wa kulia tangu akiwa na nywele nyeusi, akavuta. Likakaza. Akavuta tena, kwa mazoea yale yale, nalo likakaza zaidi. Ndipo akaliangalia. Hakulifungua. Aliweka kiganja juu yake, akabaki hivyo, na mvua nyepesi ya Eldoret ikaanza kudondoka juu ya turubai.

Upande wa pili ugomvi wa ng'ombe ulikatika. Irungu alikuwa ametoa vidude masikioni.

"Mzee," aliita juu ya mbao. "Uko?"

Kiganja cha Zakaria hakikuondoka kwenye fundo.

"Niko."

"Huku fundo limefungwa kimashoto. Na huko?"

"Hata huku," Zakaria alisema.